Karafuu za Dongola

Mwalimu hakukubali kukaa kwenye kochi letu. Alilikalia mara moja tu, Jumamosi ya kwanza aliyokuja nyumbani kwetu Al Baraha, Dubai, akiwa ametoka moja kwa moja kazini na yunifomu yake ya ulinzi, shati la bluu lililofifia na beji kifuani. Alizungumza na watoto kama nusu saa, kisha akainuka kwenda kunawa. Aliporudi alinikuta nimeshika kitambaa cha maji, napangusa pale alipokuwa amekaa. Niliendelea kupangusa mpaka mwisho wa kochi ili ionekane nasafisha lote. Tangu siku hiyo, kwa miaka minne, alikaa chini kwenye mkeka pamoja na watoto, akasema mgongo wake unapenda ukuta.

Wengine waliomjua wakimtaja huanza na elimu yake, au na vichekesho vyake. Mimi sina haki ya kuanzia huko.

Alikuwa amefundisha historia sekondari Nairobi kabla ya kuja Dubai kusimama mlangoni mwa jumba la maduka saa kumi na mbili kwa siku. Kwa nini aliacha chaki akashika simu ya upepo, sikuwahi kumuuliza, na yeye hakuwahi kueleza. Walinzi wenzake walimwita Mwalimu. Mhindi wa bakala, duka la vyakula chini ya jengo letu, naye alimwita Mwalimu, akidhani ndilo jina lake la kwenye pasipoti. Sisi akina mama wa Kiswahili tulipoona watoto wetu wanatujibu Kiingereza hata tukiwauliza kama wameshiba, tulitafuta mtu wa kuwafundisha lugha yao siku za Jumamosi, na jina lililoletwa lilikuwa lake. Ukumbi wetu ndio uliokuwa mkubwa, basi darasa likawa kwangu. Watoto tisa, pamoja na binti yangu Rukia, ambaye wakati ule alikuwa na miaka sita.

Tulikaa ghorofa ya tano na lifti ilikuwa nzima, lakini yeye alipanda ngazi. Aliwahi kukwama kwenye lifti kazini, yeye na toroli la masanduku na mwanamke mmoja wa Kirusi aliyelia mpaka walipofunguliwa. Tangu hapo alisema hawezi kuamini chombo kinachokufungia kwanza ndipo kikuulize unakwenda wapi. Alifika mlangoni anahema, anapangusa vumbi la viatu nyuma ya suruali, na viatu vyake siku zote viling'aa kuliko vya mume wangu. Chai alitia sukari vijiko vinne. Mahamri yakibaki, aliyafunga kwenye karatasi bila kuona haya, akayaambia, "Sisi tutaonana Jumatatu."

Neno lake kubwa lilikuwa "Umejuaje?" Mtoto akimwambia simba ni mfalme wa msituni, Umejuaje? Akimwambia bibi yake anasema majini wanakaa chooni, Umejuaje, na yeye amejuaje? Hakumkejeli mtoto, wala hakumdharau bibi; alitaka tu kuona neno lilikopita mpaka likafika. Rukia aliliokota neno lile akanitesa nalo jikoni mwaka mzima. Lakini Mwalimu huyo huyo, aliyedai ushahidi hata wa hali ya hewa, aliamini mieleka ya televisheni ni ya kweli. Mume wangu alipomwambia wale wanaume wanaigiza, alikasirika sana.

"Baba Rukia, mtu anaangushwa kutoka juu ya kamba, mgongo chini, unaniambia anaigiza?"

"Sasa umejuaje kama haigizi?" mume wangu akamuuliza.

Siku hiyo hakunywa chai.

Alikuwa Muislamu wa swala tano. Akisoma Kurani watoto walinyamaza wenyewe. Alikuwa Mnubi wa Kibera, na hilo nalitaja kwa sababu lilikuja kuwa na maana baadaye. Mtu mwingine mwenye jina hilo angejigamba kuwa ametokana na wafalme wa Nubia. Yeye alikataa. "Babu zangu walikusanywa kila pembe ya Sudani wakatiwa jeshini," aliniambia. "Walipewa bunduki na jina siku moja. Kama yumo mfalme humo, sina karatasi yake. Lakini jina nimelirithi, nikaona si adabu kulivaa bila kujua lilikuwa la nani kabla yangu."

Maneno kama hayo yalinipita. Mimi nilikulia Mombasa kwenye nyumba iliyohesabu mababu waliokuja kwa bahari, na hesabu ile ilianzia pale walipotia mguu ufukweni. Siku moja alikuwa akiwaeleza watoto habari za Kilwa, sarafu zake na msikiti wake mkubwa, nami nikadakia nikasema ndiyo, sisi watu wa pwani ndio tuliopeleka dini na ustaarabu huko bara. Alinitazama kwa upole.

"Na waliowapokea hao wageni pale pwani, Mama Rukia, waliowauzia samaki na kuwaoza mabinti, walikuwa bubu? Dini haina miguu yake. Hubebwa na watu, na watu hubeba na vingine, na wenyeji nao huwa na lao la kutia chunguni."

Nilicheka, lakini iliniuma. Nilijiambia, sekyuriti huyu ananifundisha mimi nasaba yangu.

Alikuwa na uongo wake mmoja, na mimi niliujua. Kila Jumamosi baada ya darasa alitoa koti jeusi kwenye mfuko wa plastiki, akalivaa juu ya yunifomu, akafunga vifungo vyote, akaomba ruhusa ya kupiga simu ya video amekaa mbele ya kabati letu la vitabu. Aliongea na binti yake aliyekuwa sekondari Nairobi. "Darasa lilikuwaje leo, Baba?" "Watoto wa huku wasumbufu, lakini wanashika." Huko kwao walijua anafundisha shule Dubai. Akikata simu alilikunja koti kama linaloweza kuvunjika. Siku moja alinikuta namtazama.

"Si uongo mkubwa," akasema. "Nimefundisha leo."

"Saa mbili kwa wiki, Mwalimu."

"Basi ni uongo wenye saa mbili za kweli."

Siri yake hiyo niliitunza. Nayasema haya nijipunguzie kidogo, lakini hayapunguzi.

Rukia alipofika miaka kumi alirudi siku moja kutoka shule amevimba macho. Darasani kwao kila mtoto alitakiwa kuleta habari za falme za kale za watu wake. Mtoto wa Kimisri alileta yake, wa Kihindi yake, wa Kiajemi yake. Rukia alipoulizwa hakuwa na jibu, na mwalimu wake, kwa nia njema kabisa, akamwambia anaweza kujiunga na Wamisri kwa kuwa nao wako Afrika. "Mama, sisi tulikuwa na wafalme?" Nilimjibu ndiyo, akaniuliza nimejuaje.

Jumamosi iliyofuata nilimvuta Mwalimu jikoni. Rukia alikuwa amenishika kanga. Nilimweleza, nikamwambia aache sarufi kwa muda awafundishe falme.

Aliweka kikombe chini. "Nikianza sitachagua, Mama Rukia. Falme zile zilikuwa za watu waliokuwa na dini zao za asili, na za Wakristo, na za Waislamu, na nyingine zilipita zote tatu. Wazazi wengine hapa wanapenda kipande chao tu."

"Sema yote, Mwalimu."

"Yote?"

"Yote. Mimi ndiye ninayekuomba."

Maneno hayo niliyasema kwa kinywa changu, ndani ya jiko langu, mtoto wangu akisikia.

Jinsi alivyofundisha, sijaona tena. Alitandika kitambaa cha mezani juu ya mkeka. Choroko zikawa mto Nili, dengu zikawa njia za misafara ya jangwani. Kwa makanisa alitumia karafuu, kwa misikiti hiliki, na mahali pa dini za asili aliweka punje za mtama. Wiki ya kwanza ilikuwa Ghana ya zamani, ambako mfalme alishika dini ya wazee wake lakini aliwaacha wafanyabiashara Waislamu wawe na mji wao na misikiti yao kando ya mji wake. Mtama huku, hiliki huku, na watoto wakatembeza vidole katikati. Wiki nyingine Mali, mfalme aliyekwenda kuhiji na dhahabu nyingi mpaka wenyeji wa njiani wakachanganyikiwa. Wiki nyingine Kongo, mfalme aliyebatizwa na mabaharia wageni, na taabu iliyofuata. Darasa likiisha, hakutupa hata punje. Karafuu na hiliki zote alizitia kwenye birika, tukanywa.

Wiki ya Aksum, ufalme wa kale wa Uhabeshi, mgeni alikuwapo. Alikuwa bibi mmoja wa Rashidiya, Mzanzibari wa familia ya siku nyingi Dubai, mtu wa heshima kubwa kwetu sote. Mwanawe ndiye aliyekuwa mwajiri wa mume wangu na viza zetu zilikuwa kwenye kampuni yake. Bibi alimleta mjukuu wake darasani, akabaki kusikiliza. Mwalimu alisimulia jinsi Waislamu wa mwanzo walivyokimbilia Habash wakiteswa, na Najashi, mfalme Mkristo, akakataa kuwatoa kwa maadui zao. Bibi alifuta machozi kwa ncha ya mtandio. "Mashaallah, Mwalimu, umesema vizuri."

Alipoondoka, Mwalimu aliniambia jambo ambalo sikulielewa mpaka ilipokuwa nimechelewa. "Hii kila mtu anaipenda. Mkristo aliyewafungulia mlango Waislamu, huyo tunajua tumweke wapi. Mkristo aliyekaa zake nyumbani, akasali, akalima, akafa, huyo ndiye mgumu."

Wiki iliyofuata ilikuwa zamu ya hao wagumu. Alipanga karafuu kando ya choroko, kusini ya Misri, akawaambia hapa ni Nubia, na huu mji wa karafuu nyingi ni Dongola. Hapa watu walikuwa Wakristo kwa mamia ya miaka. Walikuwa mafundi wa mishale hata jeshi la Waislamu wa Misri likaona afadhali mapatano, na mapatano yale yakadumu miaka mingi, kila upande na dini yake na biashara yao katikati. Kisha akaanza kutia hiliki. Moja kwa mfanyabiashara. Moja kwa bwana harusi. Moja kwa mwana wa mfalme aliyegombana na mjomba wake akaenda kutafuta msaada Misri. Kila alipotia hiliki kadhaa, aliondoa karafuu moja. Ilichukua muda mrefu, na watoto wakaanza kumharakisha.

"Angalieni," alisema, "vita vilikuwepo, sikatai. Lakini mnaona? Sikukikung'uta kitambaa. Karafuu na hiliki zilikaa pamoja kwa muda mrefu sana."

Akawaeleza jengo moja la Dongola ambalo ghorofa yake ya juu ilikuwa ukumbi wa mfalme Mkristo, picha ukutani, na baadaye ukumbi ule ule ukawa msikiti, kuta zikapakwa chokaa.

Rukia akauliza, "Kwa hiyo waliosali msikitini ni wajukuu wa wale wenye picha?"

"Wajukuu wao hasa. Pengine alikuwepo bibi mmoja aliyesilimu uzeeni. Kila akipiga chafya anajisahau, anafanya ishara ya msalaba, na wajukuu wanamcheka."

Watoto wakacheka mpaka wakaviringika kwenye mkeka, kila mmoja akipiga chafya za uongo. Nami nilicheka, nimesimama mlangoni na sinia la mahamri.

Mjukuu wa bibi wa Rashidiya alikwenda kwao akachora mfalme mwenye taji, na juu ya taji msalaba, akaupaka rangi ya dhahabu, akaibandika karatasi kwenye friji.

Jumamosi iliyofuata Bibi alifika kabla ya darasa, na akina mama wengine wawili nyuma yake. Tuliwaambia watoto waende chumbani. Bibi alikaa kwenye kochi, ile karatasi mapajani. Mwalimu alikuwa ameshavua viatu, alibaki amesimama.

"Mwalimu, mie sikusoma historia," Bibi alianza, sauti yake ya chini. "Lakini najua mtoto hufunzwa nini kwanza na nini baadaye. Huyu ana miaka minane. Kaja ananambia wazee wetu walikuwa wakipiga msalaba wakipiga chafya. Sasa mimi nimwambie nini?"

"Si wazee wake, Bibi. Ni watu wa Nubia. Na hakuna ubaya..."

"Tena tumesikia mkeo ana watu wake kanisani."

"Mama mkwe wangu ni Mkatoliki," Mwalimu alisema. "Ananiombea kwa rozari yake, nami namwombea kwenye sijida yangu. Hatujagombana bado."

Mama mmoja alitaka kucheka, akajikohoza. Bibi hakumtazama. Alinigeukia mimi.

"Na wewe mwenye nyumba. Wewe ulimwambia afunze mambo haya?"

Nimejieleza mara nyingi moyoni kwamba niliogopa viza. Mume angefukuzwa, tungerudi Mombasa na masanduku. Watu wangenielewa, Dubai nzima ingenielewa. Lakini si kweli. Wakati ule viza haikunijia hata kidogo. Kilichonijia ni sura ya Bibi, mtu ambaye nilitaka aniketishe karibu naye arusini, na mbele yangu mwanamume wa soksi zilizotoboka kidole aliyetoka zamu. Nilipima wawili hao, na haikuchukua muda.

"Mimi?" nikasema. "Sikujua, Bibi. Nilidhani anawafundisha Kiswahili tu."

Mwalimu alinitazama. Hakunitazama sana, labda kwa muda ule mlinzi anaotumia kusoma kitambulisho cha mtu.

"Ni kweli," akasema. "Mama mwenye nyumba hakujua. Nilijiamulia mwenyewe."

Hakuniita Mama Rukia. Alirudi mlangoni, akainama kufunga kamba za viatu, zote mbili, fundo kwa fundo, na mimi nimesimama juu ya kichwa chake natafuta neno. Neno lililonitoka lilikuwa, "Mwalimu, hutakunywa chai?"

"Nimeshiba, mama. Ahsante."

Nilisikia viatu vyake vikishuka ghorofa zote tano.

Yaliyofuata yalikwenda yenyewe, bila mtu kuyasukuma. Ikasemwa anawafundisha watoto Ukristo. Ikasemwa kasilimu kwa ajili ya kazi. Wengine wakaacha kuitikia salamu yake msikitini, mtu aliyekuwa akifika kabla yao. Ramadhani iliyofuata hakuna aliyemwita kufuturu, na nyumba ya kwanza isiyomwita ilikuwa yangu. Siku moja nilimwona bakala ya chini anachagua vitunguu, nikaingia nyuma ya rafu za sabuni nikasubiri mpaka alipolipa akatoka. Baadaye nilisikia ameomba apelekwe kulinda maghala ya mbali, njia ya Jebel Ali. Jumamosi zikawa kimya. Rukia aliacha kuniuliza nimejuaje, nikafurahi kuwa ameanza kukua.

Miaka tisa ikapita.

Mwaka huu shangazi yangu alikuja kutoka Mombasa kununua vitu vya arusi ya mwanawe, akafikia katika hoteli ndogo Al Muraqqabat. Asubuhi moja nilikwenda kumchukua. Kwenye meza ya mlangoni alikuwepo mlinzi mwenye mvi kichwa kizima na miwani yenye uzi. Bila kuinua uso alinisogezea daftari la wageni.

"Jina, chumba unachokwenda, na saa uliyofika."

Niliijua sauti. Niliandika jina. Aligeuza daftari, akalisoma, akavua miwani.

"Mama Rukia."

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Rukia hajambo?"

"Hajambo. Yuko chuo sasa."

"Anasoma historia?"

"Biashara. Historia aliacha kuipenda."

Alitikisa kichwa polepole. Nikaona nikinyamaza sasa sitasema tena maisha yangu. "Mwalimu, siku ile..."

"Ngoja kidogo." Aliinuka kuwafungulia mlango wageni wawili wenye masanduku, akawaitia teksi, akarudi. Nilikuwa nimesimama pale pale.

"Siku ile nilisema uongo."

"Najua. Nilikuwepo."

"Naomba unisamehe."

"Nilikusamehe kwenye ngazi, baina ya ghorofa ya tano na ya tatu. Usidhani ni wema. Nilikuwa nimetoka zamu, nilikuwa nimechoka." Alirudisha miwani, akaivua tena. "Unajua maneno yale yalifika Kibera? Walisema yule sekyuriti wa Dubai anawafundisha watoto Ukristo. Habari ya Ukristo ndugu zangu waliicheka, wananijua. Lakini binti yangu alilisikia lile neno sekyuriti."

Sikuweza kumtazama.

"Akanipigia. Baba, kumbe unavaa yunifomu? Nikatafuta uongo mwingine pale pale, nikakosa wa kunitosha. Nikajipiga picha, kofia, beji, yote, nikamtumia. Wiki tatu kimya."

"Halafu?"

"Halafu akaniandikia, akaniuliza kama viatu vinaniumiza." Alicheka kidogo, machozi yakamlengalenga. "Basi langu nililisema, Mama Rukia. Nililazimishwa na midomo ya watu, lakini nililisema. Lako bado."

"Si nimekuambia sasa hivi?"

"Mimi nilikuwa najua. Rukia je? Alikuwa amesimama mlangoni mwa chumba siku ile. Wewe ulimpa mgongo. Mimi nilikuwa natazamana naye. Alikutazama wewe, kisha akanitazama mimi, akangoja mmoja wetu aseme yale aliyoyasikia yeye jikoni. Na mimi nikasema ni kweli, mama hakujua." Alishusha sauti, maana shangazi yangu alikuwa ametoka kwenye lifti na mkoba wake. "Nilitaka kukuokoa wewe, nikasahau kuna mtoto. Hilo nimekaa nalo miaka yote. Umwambie namwomba radhi."

Shangazi alinishika mkono, akaanza kunieleza habari za maji ya moto ya hoteli. Mwalimu alinisogezea daftari niandike saa ya kutoka.

Jioni nilimkuta Rukia jikoni anakaanga mayai. Nilimwambia nimesimama, kabla sijavua buibui, na sikujiwekea udhuru wa viza wala wa nini. Alizima jiko. Alinisikiliza akitazama kikaango.

"Yeye ndiye anayeniomba radhi mimi?" akauliza. "Yeye?"

"Ndiyo."

Alilia, na nilijua hanililii mimi, basi sikumgusa. Alipomaliza alijifuta uso kwa mkono.

"Na Bibi umemwambia?"

"Bibi mzee sana sasa, Rukia. Hatoki hata nje."

"Lakini yu hai."

Kesho yake nilipanda metro mpaka Rashidiya. Bibi alikuwa kitandani kando ya dirisha, mikono ikimtetema, lakini maneno yake yako sawa. Alinijua kwa jina, akaulizia watoto. Nilimweleza yote. Kwamba mimi ndiye niliyemwomba afundishe, kwamba alinionya nikamwambia aseme yote, kwamba nilisimama mbele yake Bibi nikamkana mtu naye akaubeba uongo wangu akashuka nao ngazi. Nilimweleza alivyoepukwa, na nani alianza kumuepuka. Bibi hakunikatiza hata mara moja. Nilipomaliza alinishika mkono, akaniuliza kwa upole, kama anayeogopa kuniudhi:

"Mwalimu gani huyo, mwanangu?"

Nikasogeza kiti karibu, nikaanza tena.